Baba, mwana na mshipi: usiku mmoja dagoni Nungwi

Katika nchi za baridi, kama vile Scotland na sehemu nyingi za Marekani, baba humchukua mwanawe mwisho wa juma wakapiga hema kando ya mto, wakavua kwa fimbo nyepesi na ndoana iliyovishwa manyoya ili ifanane na mdudu. Kisiwa cha Unguja hakikujaaliwa mito ya namna hiyo. Ardhi yake kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, na baadhi ya vijito vyake hunywewa na ardhi kabla ya kufika baharini. Lakini haidhuru. Aliyezungukwa na bahari hana haja ya kuulilia mto. Na kambi ya uvuvi si jambo geni kwetu, kwani wazee waliipa jina zamani. Waliiita dago.

Dago ni makazi ya muda ya wavuvi wanaohama kuwafuata samaki. Wavuvi wa Kojani, kule Pemba, wamevuma kwa desturi hii: hufunga virago, wakavuka maji, wakakaa ugenini kwa siku nyingi, kisha wakarejea kwao. Mtoto aliyefuatana na baba yake alianza kwa kazi ndogo za kambini, akapewa upo wa kukumba maji chomboni, na mwisho ndipo alipokabidhiwa mshipi.

KUTOKA MJINI

Mwanangu ana umri wa miaka kumi. Amezaliwa Mji Mkongwe, naye humjua samaki kama amjuavyo mtoto yeyote wa mjini: akiwa amelala juu ya meza katika soko la Darajani, lile lililojengwa mwaka 1904, au akiwa amechomwa kijiti pale Forodhani wakati wa jioni. Mimi nilifunzwa kuvua na marehemu baba yangu. Nikaona kwamba nisipomfunza mwanangu, elimu ile itakoma mikononi mwangu.

Tuliondoka Darajani kwa daladala Jumamosi asubuhi, tukaipita Mahonda na miwa yake, hata tukafika Nungwi, mwendo wa karibu kilomita 60. Siku hizi hoteli za watalii zimejipanga ufukoni, lakini mafundi wa majahazi bado wanachonga mbao kwa tezo, na samaki bado wananadiwa mchangani. Dago letu lilikuwa kibanda cha makuti, mkeka mmoja na mafiga matatu.

KUYASOMA MAJI

Mvuvi huanza kwa kutazama mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvu, wakati ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kufika mita 4 hapa Unguja. Mkondo huwa mkali, na mshipi hautulii chini hata ukifungwa chubwi. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, na hizo ndizo siku za mshipi. Aidha, maji hujaa mara mbili kwa siku, nayo huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Mwanangu alizijumlisha dakika hizo katika daftari lake la shule, akanitajia saa ya kujaa kwa maji ya siku ya tatu. Sijapata kumwona akifurahia hesabu namna ile.

Tulichagua msimu wa demani, baada ya kusi kutulia na kabla kaskazi haijaanza kuvuma mwezi Desemba.

SAMAKI WA KWANZA

Nahodha wa ngalawa alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kuogelea wajua?"

"Najua."

"Na kunyamaza?"

Mtoto akacheka, naye mzee akampakia.

Tulitia nanga juu ya mwamba jua lilipokuchwa, nusu ya mwezi ikiwa utosini. Chambo chetu kilikuwa ngisi. Nilimwonyesha mwanangu namna ya kuupitisha mshipi juu ya kidole cha shahada, ili kidole kisikie kile ambacho jicho halioni. Saa moja ikapita, kisha ya pili. Mara mbili aliporwa chambo. Mkono wangu uliwasha kwa hamu ya kumpokonya mshipi, lakini nilijizuia.

Ghafla akavuta kwa nguvu, mkono juu ya mkono, akatoa chewa asiyefika shubiri moja. Uso wake uling'aa kuliko kandili.

Mzee akamtazama samaki, akasema kwa upole, "Huyu bado hajazaa."

Alisema kweli. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Amtoaye mdogo baharini humkatia njia kabla hajazaa hata mara moja.

Mwanangu alinigeukia, akitumaini kwamba neno la baba litapita la nahodha. Sikusema kitu. Uamuzi ulikuwa wake, kwani samaki alikuwa wake. Alimshika kwa muda, kisha akainama, akamtia majini taratibu. Alikaa ametupa kisogo kwa kitambo kirefu, nami nikajifanya sioni anavyofuta macho.

Hakupata mwingine. Tulikula changu wa mzee kwa ugali, na kabla ya kulala aliniuliza, "Baba, yule atakua mkubwa lini?"

"Baada ya miaka kadhaa."

"Basi nami nitakuwa mkubwa."

KWA WAZAZI

Ndugu msomaji, safari kama hii haihitaji fedha nyingi. Chagua maji mafu, mwone sheha na wavuvi wa mahali hapo, mvalishe mtoto jaketi la kuokolea, na yaheshimu maeneo yaliyofungwa, kama mwamba wa Chumbe ambao umehifadhiwa tangu mwaka 1994. Usihesabu samaki utakaorudi nao. Sisi wafanyakazi huwapa watoto wetu ada, sare na chakula, nao huviona kuwa ni haki yao. Usiku mmoja wa kukaa nao kimya juu ya maji ni nadra kuwapa, na huo ndio watakaowasimulia wana wao.