Sauti ya Kuitikia

Duluth ni mji wa bandari ulioko kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Meli hupakia hapo mawe ya chuma, na majira ya baridi maji ya bandarini huganda yakawa barafu. Katika mji huo, mwaka 1993, Alan Sparhawk na mkewe Mimi Parker walianzisha kundi wakaliita Low, neno lenye maana ya chini. Jina liliwafaa. Zama zile roki ya vijana wa Marekani ilikuwa ya makelele na mayowe. Hawa wakaja na nyimbo za taratibu mno, zinazomlazimu msikilizaji anyamaze kwanza ndipo asikie.

Vyombo vyao vilikuwa vichache. Sparhawk alishika gitaa. Parker alipiga ngoma akiwa amesimama, ngoma mbili tu na toazi, na aghalabu kwa vifagio vya waya badala ya fimbo. Wapiga besi walikuja wakaondoka, kila mmoja kwa wakati wake. Wawili wale ndio waliobaki. Walijuana tangu shule ya msingi, na yumkini ndiyo maana sauti zao zilipokutana hazikugombea nafasi. Mpenzi wa utungo aliyezoea mwimbaji na waitikiaji wake atastaajabu hapa, kwani ni vigumu kusema nani anaimba na nani anaitikia.

Na waliyoyaimba yalikuwa ya nyumbani kwao. Albamu yao ya mwaka 2001, Things We Lost in the Fire, inafungwa na wimbo uitwao In Metal. Ndani yake mzazi anamtazama mtoto anavyokua na kutamani lau mwili ule mdogo ungeweza kufunikwa chuma usibadilike. Tamaa hiyo haina haya wala haina hekima, na kila aliyelea mtoto anaijua. Binti yao mchanga anasikika humo akitoa vijisauti vyake. Mtunzi mwingine angeipamba huruma hiyo kwa mafumbo. Wao waliitaja kama ilivyo, wakaiacha.

Ukweli wa namna hii una gharama yake. Mwaka 2005 walitoa The Great Destroyer, yenye wimbo wa mtu anayefikiria siku atakapokuwa kiziwi na kuona kwamba huenda hapo ndipo atakapopata raha: hatalazimika tena kutunga, na ugomvi utakwisha. Wimbo unaanza kwa upole, kisha magitaa yanapasuka. Mwaka huo huo safari ya maonyesho ilikatizwa, na Sparhawk akawaeleza wasikilizaji wake waziwazi kwamba akili yake ilikuwa haiko sawa. Walikuwa watu wa dini, Wamormoni, lakini nyimbo zao hazihubiri. Shaka na hasira zimo humo pamoja na sala.

Albamu ya mwisho, HEY WHAT, ilitoka Septemba 2021, nao wakiwa wamebaki wawili tu, mume na mke. Wakisaidiana na mtayarishaji BJ Burton, waliupitisha mlio wa gitaa katika mitambo hata ukawa kama bati linalochanwa. Juu ya mchafuko huo sauti zao mbili zimesimama safi, hazikuguswa. Wengi walioipokea hawakujua kwamba Parker alikuwa anaugua. Alieleza hadharani mwaka uliofuata kwamba ana saratani ya ovari. Alifariki tarehe 5 Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 55. Kundi likaishia hapo. Haikuwezekana vinginevyo, kwani Low haikuwa nyimbo peke yake; ilikuwa sauti mbili, na moja imezikwa.

Mgane huyo afanyeje na koo lake? Septemba 2024 Sparhawk alitoa albamu kwa jina lake, White Roses, My God, na humo sauti yake haitambulikani. Ameipitisha katika chombo cha kuibadili, ikawa nyembamba, ya kimashine, isiyo ya mume wala ya mke. Wako waliochukizwa. Lakini mtu aliyeimba takriban miaka 30 akiitikiwa na mtu mmoja, akifungua kinywa chake kama kilivyokuwa, atasikia kwanza pengo la pembeni.

Mwaka 2025 aliimba tena kwa sauti yake ya asili, akisindikizwa na Trampled by Turtles, wanamuziki wa fidla na banjo wa mji ule ule wa Duluth. Katika wimbo mmoja, Not Broken, inaingia sauti ya mwanamke kumwitikia. Ni binti yake, yule yule aliyesikika akiwa mchanga mwaka 2001.