Majani Mekundu ya Kibaha na Kisarawe

Mwaka jana mwezi wa Agosti niliandika barua ya mistari miwili ambayo hata leo naijutia. Uani petu, hapa Kibaha, palikuwa na mtondoro mkubwa. Majani yake yaligeuka manjano, yakapukutika, matawi yakabaki matupu kama mifupa. Kikao kikasema mti umekufa, utatuangukia paa. Mimi, nikiwa karani, nikaandika: "Mti umekauka, ukatwe." Ukakatwa kwa siku moja, na mchoma mkaa akachukua magogo.

Oktoba, kabla ya tone la mvua ya vuli, kisiki kikachipua. Machipukizi yenyewe yalikuwa mekundu kama divai. Nikasimama pale na ufagio mkononi. Kumbe mti ulikuwa umelala tu.

Basi mwaka huu, mwisho wa Septemba, nikafunga safari ya Kisarawe kutazama mitondoro ambayo haijapatwa na karani. Nilishika barabara ya Morogoro hadi Mbezi, nikabadili gari mpaka Gongo la Mboto, kisha Pugu, ambapo gari huanza kupanda vilima. Njiani mikungu ilikuwa imeiva majani, mekundu kama shaba, yakianguka moja moja juu ya mabati. Wageni waliokuja Kibaha kutoka Sweden, Norway, Denmark na Finland, walipotusaidia kuanzisha kituo cha elimu mwaka 1963, bila shaka waliona mkungu wakakumbuka kwao.

Lakini kwao sababu ni nyingine. Huko Ulaya mchana hufupika na baridi huingia. Rangi ya kijani, yaani klorofili, huvunjika, na manjano iliyokuwa imejificha ndani ya jani huonekana. Kwetu mchana mrefu na mfupi hautofautiani hata saa moja mwaka mzima. Kinachouambia mtondoro ulale ni kiu ya kiangazi. Haya nilifundishwa chuo cha ualimu, nikayafaulu katika mtihani, na bado nikaandika ile barua.

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni wa kijani karibu mwaka mzima, na aishiaye hapo hataona kitu. Nami nikasonga mbele kwa barabara ya Maneromango. Baada ya mashamba ya mikorosho nikaiona: mitondoro imesimama katika vumbi la kiangazi, vilele vyekundu, vingine rangi ya shaba, vingine vimeanza kuwa kijani. Nyasi chini zimekauka kabisa, lakini juu kama sikukuu.

Chini ya mmojawapo alikaa bibi mmoja akiuza mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"La, natazama majani."

Akacheka sana. "Mti huu ukivaa nyekundu, sisi twatafuta majembe. Mvua haiko mbali."

Nikamweleza habari ya mtondoro wetu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mlikwaruza gome?" Akainuka, akakwaruza kijitawi kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi, chenye maji. Kazi ya ukucha mmoja, nasi tulikaa kikao cha saa mbili!

Mti huu huchipua wiki kadhaa kabla ya mvua, kwa maji uliyojiwekea katika shina na mizizi. Na ule wekundu si uzee wa jani bali ni utoto wake. Wataalamu huona kwamba hulikinga jani teke na jua kali na wadudu, mpaka kijani kijengeke. Mwembe nao hufanya vivyo hivyo, ila tumeuzoea hatuutazami. Cha kusikitisha ni kwamba mti uliolala unafanana mno na kuni, na Dar es Salaam inahitaji mkaa kila siku. Njiani nilihesabu pikipiki kumi na moja zilizobeba magunia, nikaacha kuhesabu.

Nimerudi Kibaha. Chipukizi moja la kisiki chetu sasa lanifika kiunoni. Mengine yameliwa na mbuzi, nami nimezungushia miiba. Kikao kijacho kuna shauri la mwembe wa langoni. Huo uligeuka manjano upande mmoja katikati ya masika, wakati miti yote imeshiba maji, baada ya mafundi kukata mizizi wakichimba msingi. Huo naona ni mgonjwa kweli. Hata hivyo barua sijaiandika. Kesho asubuhi naenda kwanza kukwaruza gome.