Kutoka Kariakoo hadi Upanga kwa Mgongo Unaouma

Ndugu msomaji, kutoka Soko la Kariakoo hadi Upanga, hapa Dar es Salaam, mwendo hauzidi kilomita tatu. Mtu mwenye afya yake huumaliza kabla hajamaliza hadithi aliyoianza kumsimulia mwenzake sokoni. Mimi ulinichukua majuma sita. Nakuomba tuandamane tena pole pole katika njia hiyo, kwani huenda wewe, au mzazi wako, au jirani yako, anaikabili safari kama hiyo hivi sasa.

Asubuhi moja niliinama kuinua ndoo ya maji, nikashindwa kusimama. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka pajani, yakafika kisiginoni mithili ya waya wa moto. Zahanati waliniandikia barua ya rufaa. Hospitali nilikopelekwa wagonjwa walikuwa wengi na mabingwa wachache, nikapewa tarehe ya majuma sita mbele. Barua nikaiweka chini ya mto. Aliyepata kungoja tarehe ya namna hiyo anaujua uzito wa karatasi ile.

Nilidhani dawa ni kulala tu mpaka siku ifike. Muuguzi wa zahanati alinikataza. "Baba, kitanda hakitakuponya," aliniambia. "Pumzika siku moja au mbili, kisha tembea, hata kama ni hatua ishirini. Mgongo usiotembezwa hukakamaa." Akanieleza kuwa baina ya pingili na pingili za uti wa mgongo mna kisahani laini mfano wa mto. Kisahani hicho kikitokeza nje huweza kubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Hata hivyo, alisema, walio wengi hupata nafuu katika majuma kadhaa bila ya kupasuliwa.

Kisha akanihesabia kwa vidole dalili ambazo mgonjwa hazingojei tarehe. Kushindwa kukojoa, au kutokwa na haja bila kujua. Ganzi sehemu za siri na mapaja kwa ndani. Mguu kulegea na kuburuta. Haya yakitokea, mtu akimbizwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa usiku wa manane. Tena, maumivu yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda. Au yaliyofuata kuanguka na ajali. Au yampatayo mtu aliyepata kuugua saratani: huyo naye asikae nyumbani akijikanda kwa maji ya moto.

Basi juma la kwanza nilifika pembeni mwa mtaa wetu tu, nikishika kuta za nyumba za watu. Kutoka pale huonekana Soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Mapaa yake yamefanywa mfano wa miavuli iliyogeuzwa, ili yakinge maji ya mvua. Soko hilo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na wengi wetu tuliokulia hapa tulilia machozi. Nilisimama nikilitazama, nikihesabu pumzi, kisha nikarudi. Mama watoto alikuwa ameniwekea mto wa pili, nilale ubavu nikiuweka baina ya magoti. Huo mto ulinifaa kuliko mambo mengi niliyoshauriwa na wapita njia.

Juma la pili na la tatu nilivuka mitaa miwili mitatu, nikawa napumzika kwa muuza kahawa karibu na wachukuzi wanaposubiri mizigo. Msomaji, jina lenyewe la Kariakoo ni jina la migongo. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi hapa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi zetu zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na maradhi na njaa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927 inawakumbuka na wao katika maandishi yake, lakini kumbukumbu yao iliyo kubwa zaidi ni mtaa huu, ambao mpaka leo unaishi kwa kubebewa.

Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hata hivyo lumbesa bado huonekana, nalo hushushwa garini kwa bega la mtu. Alikuwapo mchukuzi mmoja mzee ambaye tulizoeana kwa kahawa. Aliponiona nikikaa kwa taabu, alicheka. "Wewe ndugu yangu una bahati," alisema. "Mgongo wako una tarehe ya kuonwa. Wangu hauna tarehe, una gunia." Yeye ndiye aliyenifundisha kuinua mzigo: kuusogelea karibu na kifua, kukunja magoti badala ya kiuno, wala kutojipinda ukiwa nao mikononi. Muuguzi alikuwa amenieleza vivyo hivyo, lakini mzee aliyajua kwa miaka arobaini ya kazi.

Juma la nne nilifika Mtaa wa Lumumba, ilipozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, nikavuka hadi viwanja vya Mnazi Mmoja. Wakoloni waliliacha eneo hili wazi makusudi, ili kututenga sisi wa Kariakoo na wakazi wa Uhindini. Leo ni mahali pa kupumzikia. Nilikaa chini ya mti, na mzee mchukuzi alikuwa amenisindikiza, maana siku hiyo hakuchukua mzigo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mgongo wake ulikuwa ukimwuma miezi mitano, hata alalapo. Kwamba usiku huamka shuka limelowa jasho. Na suruali yake ameifunga kwa kamba kwa kuwa mkanda umekwisha matundu. Alikuwa akinunua vidonge vya kutuliza maumivu dukani, akimeza vinne vinne, na tumbo lilikuwa limeanza kumchoma.

Ndugu msomaji, nilivikumbuka vidole vya muuguzi. Mimi niliyekuwa nikilalamika kila siku nilikuwa na maradhi ya kungoja. Yeye aliyekuwa akicheka alikuwa na maradhi yasiyongoja. Hapo nilimwambia twende. Alikataa. Siku asiyobeba ni siku asiyokula, nami sikuwa na jibu la hilo ila nauli na chakula cha siku ile. Kesho yake alfajiri tulikwenda zahanati, viwete wawili tukishikana mikono. Alipimwa, akapelekwa kupigwa picha, ikaonekana kuwa ni kifua kikuu kilichoingia katika pingili za mgongo. Ndiyo, kifua kikuu hakikai kifuani tu. Na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Alielezwa kwamba atazitumia kwa miezi mingi bila kukatiza, na kwamba lau angechelewa zaidi, miguu yake ingaliweza kupooza.

Tangu hapo sikumwona tena mtu anayeshika kiuno nikanyamaza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni waliumwa sehemu ya chini ya mgongo. Wengi wao ni kama mimi. Wachache ni kama mzee. Kazi yetu sisi tusio madaktari ni kuwatambua hao wachache na kuwashika mkono. Na vidonge vile vya maumivu, hasa diklofenaki na ibuprofeni, si peremende: huumiza tumbo na figo, na mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito na mzee wasivimeze bila kuuliza.

Juma la tano nilifika Fire. Kuivuka Barabara ya Morogoro, yenye njia za mabasi ya mwendo kasi yaliyoanza mwaka 2016, kulinitia hofu, kwa kuwa mgongo unaouma haujui kukimbia. Kijana mmoja alinishika kiwiko bila kuombwa, akanivusha, akaenda zake.

Juma la sita, siku ya tarehe, nilifuata Barabara ya Umoja wa Mataifa nikaingia Upanga. Nilipita mbele ya Muhimbili, ambako jengo mojawapo la wagonjwa linaitwa Sewa Haji. Huyo alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Bagamoyo, aliyekusanyia misafara wapagazi wa kwenda bara, kila mmoja na mzigo wa takriban kilo 30. Kabla ya kufa mwaka 1897 alitoa mali yake ijengwe hospitali ya watu wa rangi zote hapa Dar es Salaam. Sijui iwapo aliwafikiria wapagazi wake alipotoa fedha hizo. Mimi niliwafikiria.

Nilifika hospitali niliyoandikiwa nikiwa natembea kwa miguu yangu. Bingwa alinipima, akaigonga miguu yangu kwa kinyundo, akasema kisu hakihitajiki. Niendelee na mwendo na mazoezi. Nilirudi Kariakoo jioni. Mzee alikuwa kwa muuza kahawa, amekaa, hana gunia. Wachukuzi wenzake walikuwa wamepanga zamu ya kumchangia chakula mpaka amalize dawa. Akaniuliza, "Wamekupa tarehe nyingine?" Nikamwambia la. Akaagiza vikombe viwili, na safari hiyo akakataa katakata nisilipe mimi.