Jua la Murang'a

Aliyenifichua ni mzee ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hajawahi kugusa kompyuta. Alikuwa mpagazi wa mlimani ujana wake wote. Siku hiyo nilikuwa nimealikwa kwenye ukumbi mmoja mjini Nyeri kuwaonyesha waelekezi wa watalii Mlima Kenya niliouunda kwa kompyuta: unauzungusha, unaukaribia, unapita juu ya Bonde la Teleki mpaka Lenana. Nikawasha projekta, nikaweka saa moja na nusu asubuhi. Upande wote unaotazama kwetu ukang'aa, mawe na theluji. Watu wakapiga makofi. Mzee akangoja makofi yaishe.

"Mwalimu, hilo jua lako linachomozea Murang'a?"

Ukumbi ukacheka. Nami nikamjibu, na naona haya kuyaandika: "Mzee, hii ni data ya setilaiti." Haikuwa hata ya setilaiti. Vipimo vya mwinuko nilivipata kwenye kazi ya rada iliyobebwa na chombo cha angani Endeavour, Februari 2000, na humo hamna habari yoyote ya jua. Nilitaka tu anyamaze. Alinyamaza.

Mtu wa Nyeri hahitaji kuelezwa kosa lilipokuwa. Mlima uko kaskazini mashariki yetu, kilomita kama hamsini. Asubuhi jua linatokea nyuma yake, kwa hiyo tunauona mweusi, ukingo mtupu, kabla mawingu hayajaumeza. Upande wetu hupata mwanga alasiri. Nimekulia hapa, nimeuona mweusi hivyo kila asubuhi nikienda shule. Lakini picha yangu ilipendeza kama ya kalenda, nikaiamini kuliko macho yangu. Tena nilikuwa nimeshauvuta mlima kwenda juu mara mbili, uonekane mrefu zaidi. Batian ina mita 5,199. Sijui nilidhani hazitoshi.

Usiku huo nililizungusha jua kila upande. Mashariki, magharibi, utosini. Picha haikubadilika hata kidogo. Nikailaumu kadi ya grafiki, nikazima, nikawasha. Karibu saa saba ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikaiambia programu inichapie namba za jua kabla na baada ya hesabu.

Kabla: 0.96, 0, 0.28. Hapo ni mashariki, limepanda kidogo juu ya upeo. Sawasawa kabisa.

Baada: −311,999.04, −9,983,000, 0.28.

Kwenye ramani za eneo letu, kilele kiko kama mita 312,000 kwa hesabu ya mashariki na 9,983,000 kwa hesabu ya kaskazini. Kompyuta haipendi namba kubwa hivyo, kwa hiyo nilikuwa nimeusogeza mlima wote hadi kwenye sifuri kwa kutoa namba hizo. Mlima ulisogea vizuri. Ila nililisogeza na jua pamoja nao. Mshale wangu wa mashariki ukageuka mshale wa kusini, mrefu karibu milioni kumi, umelala chini kabisa. Ukiongeza au kupunguza 0.96 kwenye milioni kumi, nani ataona? Ndiyo maana asubuhi, adhuhuri na jioni zilifanana.

Sasa nifike kwenye namba ya nne, ile inayoongezwa nyuma ya hizo tatu, maana hapo ndipo dhambi yangu ilipo.

Wenye taaluma huita mpango huu viwianishi homojeniasi. Ulianza karatasini mwaka 1827, kwa Möbius, mwanaastronomia wa Leipzig, na Lawrence Roberts akauingiza kwenye kazi za picha za kompyuta pale MIT miaka ya mwanzo ya sitini. Shida inayotatuliwa ni ndogo lakini inakera. Ukizidisha namba tatu kwa matriksi ya tatu kwa tatu, unaweza kukizungusha kitu, kukivuta, kukipindua. Kukisogeza huwezi, kwa sababu sifuri tatu hubaki sifuri tatu hata ukizizidisha kwa nini. Basi unaongeza namba ya nne, matriksi inakuwa ya nne kwa nne, na kiasi cha kusogeza kinakaa kwenye safu ya mwisho. Safu hiyo huzidishwa kwa ile namba ya nne. Ikiwa 1, kitu kinasogea. Ikiwa 0, kinabaki na mwelekeo wake.

Panda matatu Karatina uje Nyeri. Nguzo za umeme zinakimbia nyuma. Mibuni ya ng'ambo inapita polepole. Mlima unajongea kidogo tu. Jua halisogei kamwe, liko palepale begani kwa dereva mpaka njia ipinde. Nguzo ni mahali, zina 1. Jua liko mbali mno hata safari yako si kitu kwake, lina 0. Nilikuwa nimesafiri hivyo mara elfu.

Darasani nilifundisha hivi: "Mwishoni weka moja. Usiulize." Nilikuwa nimefundishwa hivyohivyo, nami nikaona inatosha. Muhula mmoja, msichana kutoka Othaya akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini moja? Mbona mwelekeo usipewe sifuri?" Nikamwambia asitupotezee wakati, silabasi ni ndefu. Silabasi haikuwa ndefu. Sikuwa na jibu.

Kwenye mtihani wa katikati ya muhula nikawapa mwelekeo wa mwanga, wausogeze. Darasa zima liliweka 1. Yeye akaweka 0, na pembeni akaandika kwa penseli kwamba mwelekeo hauna mahali pa kuhamia. Nikapiga mkasi kwa kalamu nyekundu, nikamkata alama nne. Alama zikapelekwa, zikaingia kwenye rekodi, naye akamaliza masomo akaenda zake.

Karatasi ile nilikuwa nayo kwenye droo. Nilibadilisha namba moja tu kwenye programu, ile 1 ikawa 0, na saa moja na nusu ya asubuhi mlima ukawa mweusi kama ninavyoujua. Kisha nikatoa karatasi, nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Mzee nilimfuata Kiganjo wiki iliyofuata, nikamwambia alikuwa sahihi. Akashangaa kwamba nimesafiri kwa ajili ya jambo hilo. "Sisi huamka saa tisa usiku tulikute jua Lenana," akasema. "Nisijue linatokea wapi?"

Msichana nilimwandikia kwa simu. Nilimweleza yote: mkasi, alama nne, jua la Murang'a, hata mlima niliouvuta mara mbili. Nilitegemea anikaripie, au asijibu. Jibu lilikuja jioni.

"Asante mwalimu. Lakini ule mshale unaosimama wima juu ya mteremko, unaoiambia programu mwanga umepiga vipi, nao una 0. Ulipouvuta mlima mara mbili, mshale nao uliuvuta vivyo hivyo?"

Nikageuza risiti ya mafuta. Mteremko wa hatua 1 mbele na 1 juu. Mshale wake ni −1 na 1. Zidisha, jumlisha, unapata 0, yaani pembe mraba. Nikavuta vyote viwili mara mbili kwenda juu. Mteremko ukawa 1 na 2, mshale −1 na 2. Nikazidisha, nikajumlisha.

Nilipata 3.