Vijana, Simu, na Daftari la Wapiga Kura

Wazee wengi hunena ya kwamba vijana wa siku hizi hawajui mambo ya nchi, maana macho yao yako kwenye simu toka asubuhi hata usiku. Mimi nalikataa neno hilo. Leo nataka kuwaeleza kwa nini nalikataa, na tena kwa nini, hata nikisha kulikataa, moyo wangu haujatulia.

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Nilisoma katika chuo cha ualimu, ndiyo sababu vijana huniita Mwalimu, ingawa vyombo vyangu vya leo ni kalamu, muhuri, na vitabu vya ubatizo na ndoa. Vijana huja ofisini kutafuta vyeti, na wakingoja zamu yao pale kwenye benchi la nje, kila mmoja ana simu yake mkononi. Nawasikia wakizungumza. Wajua bei ya mafuta ilipanda lini, wajua mbunge fulani alisema nini jana jioni, wajua hata mambo ya Marekani. Baba yangu alikuwa akingoja taarifa ya habari ya redio, na gazeti lilipomfikia lilikuwa limekwisha pita katika mikono mitano. Kijana wa leo husoma kwa siku moja habari nyingi kuliko alizopata baba yangu kwa juma zima. Mtu wa namna hiyo haifai kumwita mjinga.

Tena mwaka 2024 sisi wa Kenya tuliona kwa macho yetu simu inaweza kufanya nini. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16, na kila mwenye gari alipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake. Zamani karatasi kama ile ingalisomwa na mawakili na wahasibu tu. Safari hii vijana waliifungua katika simu zao, wakaisoma kifungu kwa kifungu, wakaifasiri kwa lugha za nyumbani, wakaieleza kwa video fupi hata mama wa sokoni akaelewa. Juni 18 serikali iliondoa kodi ya mkate na ile ya magari. Juni 25 Bunge lilipitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku ile ile damu ilimwagika katika njia za Nairobi. Kesho yake Rais alisema hatautia saini. Kufikia Julai 1 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa katika maandamano yale. Wengi wao walikuwa vijana. Ni nani basi atakayesimama mbele ya mama zao na kusema kwamba vijana wetu hawaijali nchi?

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Desemba ya mwaka ule ule Bunge lilipitisha sheria nyingine za kodi, Rais akazitia saini, na baadhi ya mambo yaliyokuwa katika mswada wa Juni yalirudi humo. Pale kwenye benchi langu sikusikia hata mtu mmoja akizitaja. Simu zilikuwa zimekwisha hamia kwenye habari nyingine.

Hapa ndipo penye shida, nami naomba tuiangalie vizuri. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Ukifika hapo walikunja, wafikiri, wazungumza na jirani. Habari za simu hazina mwisho. Mtambo unaozileta huangalia umekaa wapi muda mrefu, umecheka wapi, umekasirika wapi, kisha hukuletea mengine ya namna ile ile. Haukuulizi kama lile la jana limekwisha. Basi kijana hukasirika asubuhi kwa jambo moja, adhuhuri kwa la pili, jioni kwa la tatu, na usiku hulala amechoka kama mtu aliyelima, kumbe jembe halikugusa udongo.

Tena si kila kinacholetwa ni kweli. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022, mtafiti wa shirika la Mozilla alikusanya video zaidi ya 130 katika TikTok zenye uongo na chuki juu ya siasa za Kenya, nazo zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 4. Wenye kutengeneza vitu vile wanajua ya kwamba hasira hutembea upesi kuliko ukweli. Kwa hiyo kila habari ikikufikia iulize maswali matatu. Nani amesema? Amesema lini? Karatasi yenyewe iko wapi? Vijana wa 2024 walikuwa na nguvu kwa sababu waliitafuta karatasi yenyewe. Hawakutosheka na maneno ya mtu juu ya karatasi.

Sasa niwape mfano wa hapa kwetu. Sheria ya fedha za umma yataka kila kaunti ipeleke makadirio ya matumizi yake mbele ya bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na wananchi hupewa nafasi ya kusema maoni yao. Mwaka jana watu wa wadi yetu waliitwa katika ukumbi wa parokia. Ufunguo wa ukumbi hukaa kwangu, kwa hiyo nilikuwapo toka mwanzo hata mwisho. Tangazo lilibandikwa mlangoni, likapelekwa pia katika kikundi cha WhatsApp cha vijana, na wengi walilijibu kwa alama ya kidole gumba. Siku ilipofika walikuja watu kama 40. Walio chini ya miaka 30 walikuwa watatu.

Wazee walisema wanataka josho la ng'ombe, nalo likaandikwa. Vijana wetu kwa miezi mingi wamelalamika katika simu kwamba soko halina taa, na kwamba uwanja wa mpira umegeuka malisho ya mbuzi. Siku ile hakuna aliyeutaja uwanja, wala taa, nazo hazikuandikwa. Mimi ni karani, nayajua mambo ya makarani. Karani huandika lililonenwa mbele yake. Malalamiko yaliyo katika simu ya mtu mwingine hayamfikii.

Msidhani nailaumu simu. Mmoja wa wale watatu, binti ambaye hajatimiza miaka 25, alisimama akiwa na simu mkononi, akataja ukurasa wa makadirio penye fedha za madaraja, akauliza kwa nini daraja wanalopita watoto wa shule halimo. Mzee mmoja alinong'ona, "Huyu mtoto amesoma." Ofisa wa kaunti alifunua karatasi zake, akaona ni kweli, na daraja likaandikwa. Kama litajengwa tutaona, lakini limo katika kitabu, na lililomo katika kitabu laweza kuulizwa.

Huenda kijana akaniambia, "Mwalimu, tumekwisha kupiga kura na kusema mara nyingi, nayo hayaleti kitu. Wakubwa hufanya watakavyo." Kijana wangu, uchungu wako naujua, wala sitakuambia kwamba kura huponya kila ugonjwa. Lakini tazama hesabu. Mwaka 2022 walioandikishwa kupiga kura walikuwa 22,120,458. Vijana wa miaka 18 mpaka 34 hawakufika asilimia 40 ya hao, na hali nchi yetu ni nchi ya vijana. Siku ya uchaguzi watu zaidi ya milioni 7 walioandikishwa hawakufika kituoni. Mshindi wa urais alimpita wa pili kwa kura 233,211 tu. Mwanasiasa anayafahamu mahesabu hayo kuliko wewe. Akijua ya kwamba kijana hupiga kelele lakini jina lake halimo katika daftari, atangoja kelele zipite kama mvua ya mawe, kisha atoke nje aendelee na safari yake.

Siku moja niliwauliza wanne waliokaa kwenye benchi, "Nani mwakilishi wa wadi yetu katika bunge la kaunti?" Mmoja alijua. Nikauliza ni wangapi wameandikishwa kupiga kura. Mmoja tena, wala si yule wa kwanza. Na dakika chache kabla ya hapo walikuwa wakibishana kwa ujuzi mwingi juu ya mawaziri wa Nairobi!

Basi, ndugu vijana, nawaachia kazi tatu, na zote zaweza kuanza kwa simu hiyo hiyo. Kwanza, chukueni kitambulisho mwende katika ofisi ya Tume ya Uchaguzi ya eneo bunge lenu mkaandikishwe. Uandikishaji wa kila siku ulifunguliwa tena Septemba 29, 2025, na uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Kuandikishwa hakuna malipo. Msingoje mpaka miezi ya mwisho, maana daftari hufungwa kabla ya uchaguzi, na aliyechelewa hasikilizwi. Pili, chagueni jambo moja tu la wadi yenu, kama ni maji, taa au daraja, mlifuate mwaka mzima hata habari zikihama. Tatu, mkiona tangazo la mkutano, msilijibu kwa kidole gumba. Lijibuni kwa miguu.

Nanyi wazazi, acheni kuwacheka. Mketi nao jioni, mwaambie, "Hebu nisomee hayo uliyoyaona." Ninyi mnajua njia ya ofisi ya chifu na desturi za baraza. Wao wanajua kuitafuta karatasi ilipofichwa. Mkiunganisha elimu hizo mbili, hakuna karani atakayepata nafasi ya kuacha mstari mtupu.