Misri: Mawe ya Wafalme na Makaburi ya Wanavyuoni

Akiba yetu ya miaka 4 ilipotimia, tuliamua kuitumia kwa safari ya Misri. Jamaa walituuliza maswali mawili. La kwanza: bahari si hii hapa Mombasa, mwaifuata wapi nyingine? La pili lilikuwa zito zaidi: Muislamu ana haja gani na makaburi ya Firauni? Yote mawili yanastahili jibu, nasi tunayajibu kwa ajili ya familia zinazofikiria safari kama hiyo. Tulikwenda watu 5: sisi wazazi wawili, binti yetu wa miaka 16, mdogo wake wa miaka 10, na bibi yao mzaa baba.

Tuanze na Firauni. Qur'ani Tukufu imetuhimiza tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia, na kwa nia hiyo ndipo tulipofika Giza. Piramidi kubwa ya mfalme Khufu ilijengwa yapata miaka 4,500 iliyopita, kwa mawe yanayokadiriwa kufika milioni 2.3, na kimo chake cha awali kilikuwa kama mita 146. Lakini kilichotushika zaidi ni habari ya makaburi madogo yaliyogunduliwa karibu na hapo mwaka 1990. Ni ya mafundi na vibarua walioyainua mawe hayo. Walizikwa kwa heshima karibu na mfalme wao, na mifupa yao ingali inaonyesha walivyochoka migongo. Mwanetu, aliyedhani ujenzi wote ule ulikuwa wa watumwa, aliuliza majina yao. Ya wachache yameandikwa. Ya wengi hayajulikani.

Miili ya wafalme wenyewe imo katika Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri, mtaa wa Fustat, ilikohamishiwa mwaka 2021, wafalme na malkia 22. Bibi alisimama mbele ya Ramses wa Pili, ambaye nywele zake zingali kichwani, akasema kwa sauti ya chini, "Hata huyu alioshwa na mikono ya watu." Wenyeji wengi watawaambia kwamba huyu au yule ndiye Firauni wa Nabii Musa. Qur'ani haikumtaja kwa jina lake, nasi tuliona ni adabu kuliacha hapo.

Katika Fustat hiyo hiyo pana msikiti wa Amr ibn al-As, wa kwanza nchini Misri, uliojengwa mwaka 21 wa Hijra, ingawa umejengwa upya mara nyingi. Si mbali na hapo pana msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika mwaka 265 wa Hijra, wenye ua mpana na ukimya ambao hukuutazamia katika mji wenye makelele kama Kairo. Kwetu sisi watu wa pwani, hata hivyo, moyo wa Kairo uko kwenye kuba la Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra. Tangu utotoni tumefundishwa kutia udhu na kusimama katika sala kwa madhehebu yake, nasi tulikuwa hatujawahi kumtolea salamu alipolala. Juu ya kuba hilo, lililojengwa mwaka 1211, pamewekwa chombo kidogo mfano wa mashua. Bibi, binti wa nahodha, alikitazama mpaka shingo ikamuuma.

Karibu na hapo pana maziara ya Bi Nafisa, wa kizazi cha Hasan bin Ali. Wanahistoria husimulia kwamba Imamu Shafi alikuwa akienda kusikiliza hadithi kutoka kwake, na kwamba alipofariki, jeneza lake lilipitishwa nyumbani kwa bibi huyo ili amsalie. Binti yetu aliuliza mara mbili kama kweli Imamu alisoma kwa mwanamke. Tulimjibu kwamba ndivyo ilivyopokewa.

Jambo hilo lilikuja kuwa na uzito tulipofika baharini. Kutoka Kairo tulishuka Luxor, ambako msikiti wa Abu Haggag umejengwa ndani ya hekalu la kale. Mchanga uliolifunika hekalu ulipochimbwa, mlango mmoja wa msikiti ukabaki ukining'inia juu ukutani. Kisha tukaenda Hurghada, kwenye Bahari ya Shamu. Maji yake ni maangavu ajabu, na matumbawe yake huanza hatua chache tu kutoka ufuoni. Wapendao kuyaona katika hifadhi wanaweza kwenda Ras Muhammad, karibu na Sharm el Sheikh, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1983.

Katika hoteli tuliyopanga, binti yetu alikwenda kwenye bwawa akiwa amevaa vazi la kuogelea la kusitiri mwili. Mlinzi akamwambia vazi hilo haliruhusiwi. Nchi ya Kiislamu, adhana inasikika, na mtoto anaambiwa ajifunue au atoke! Alirudi chumbani bila neno, akalala akiuelekea ukuta. Sisi tulikuwa tayari kugombana, lakini bibi yake alitutangulia. Alimkalia kitandani, akamwambia, "Mwanangu, bwawa ni lao. Bahari ni ya Mwenyezi Mungu." Jioni hiyo wawili hao waliingia baharini na nguo zao, bibi akiwa na leso kiunoni, wala hakuna aliyewazuia. Siku ya pili tulihamia nyumba ndogo ya wageni ya familia ya wenyeji. Tunawashauri dada zetu: ulizeni habari ya mavazi, na mpate jibu kwa maandishi, kabla ya kulipa hata senti.

Tulimalizia Iskandaria. Ngome ya Sultani Qaitbay iko pale palipokuwa mnara mashuhuri wa kale wa kuongozea vyombo. Lakini tulichokifuata ni msikiti wa Imamu Busiri, mtunzi wa Burda na Hamziya, mshairi wa karne ya 13. Hamziya ndiyo ile ambayo Sayyid Aidarusi aliifasiri kwa Kiswahili cha kale, na husomwa hadi leo pwani yetu. Bibi alikaa chini akaanza kuisoma polepole, kwa moyo, bila kitabu. Wanawake wa Kimisri waliokuwa karibu walinyamaza wakamsikiliza, kisha mmoja akaitikia kwa Kiarabu.

Sisi wazazi tulitazamana. Beti zile, bibi anazo zote; sisi tunazo chache; watoto hawana hata moja. Khufu aliachiwa mawe milioni 2.3, na bado anahitaji mwenyeji wa kumweleza. Busiri ameachiwa ndimi za watu, na ndimi hufa zisiporithishwa.

Kwa watakaokwenda: miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye hewa nzuri, kwani Luxor wakati wa kiangazi huunguza. Patana bei ya ngamia kabla hujapanda, na uwe na noti ndogo ndogo za bakshishi. Wafundisheni watoto kukusuru na kujumuisha sala kabla ya kuondoka, wajue safari ina rehema zake. Na kama mna mzee nyumbani mwenye afya, msimwache.

Sasa kila Alhamisi baada ya Magharibi, binti yetu huketi na bibi yake wakisoma Hamziya. Wamefika ubeti wa 9. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amjaalie bibi umri wa kuufikia wa mwisho, na awajaalie wote wenye nia ya safari wende salama na warudi salama. Amin.