Bado Inalia

Gari lenyewe si la mtu wa umri wangu, wala si la barabara zetu. Lina viti viwili tu, limeinama chini hata kila tuta hulipita likisugua tumbo, na injini yake ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye haraka. Kaka yangu, aliyekuwa baharia, alilinunua likiwa limetumika Japani, akalileta kwa meli hadi Dar es Salaam na kutoka huko hadi Unguja, akaliendesha miaka miwili. Alipofariki mwaka 2018, watoto wake, ambao wote wako ng'ambo, walikubaliana kwamba libaki kwangu. Sikulitaka. Lakini kila nilipofikiri kuliuza nilimwona marehemu amesimama kando yake jioni, kitambaa mkononi, akilifuta chumvi ya upepo. Basi nikawa naliendesha mara mbili kwa wiki ili lisije likafa.

Kelele ilianza mwaka 2021. Ilikuwa ya asubuhi tu, injini inapowashwa baada ya kulala usiku kucha: mchakacho mkavu wa chuma, mfano wa mtu anayetikisa sarafu ndani ya kopo, sekunde mbili au tatu, kisha kimya. Mchana kutwa husikii kitu. Nilimpelekea fundi wangu wa Mwanakwerekwe, mtu wa maneno machache, naye akaniambia nimwachie gari lilale kwake, maana ugonjwa huo hauonekani mpaka mgonjwa aamke. Asubuhi yake akaliwasha mara moja tu, akasema, "Cheni ya taimingi, Maalim."

Alinieleza, nami nikamsikiliza kwa furaha ambayo hakuielewa. Chini ya injini kuna krankshafti inayozungushwa na pistoni. Juu kuna kamshafti zinazofungua na kufunga vali. Krankshafti huzunguka mara 2, kamshafti mara 1, haizidi wala haipungui. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 50 kwa sekunde, na kila mara ni lazima iwe imeshajiondoa njiani kabla pistoni haijafika juu. Kinachoitunza hesabu hiyo ni cheni, mfano wa ile ya baiskeli, iliyofichwa mbele ya injini ndani ya oili. Mtu aliyemaliza ujana wake akihesabu mizani 8 kwa 8 hawezi kupewa habari kama hiyo akabaki ametulia. Nilimwuliza likitokea jino moja la kuruka itakuwaje. Akagonganisha ngumi zake mbili, hakusema zaidi.

Ili cheni isilegee kuna kidude kinachoisukuma ubavuni, mafundi hukiita tenshena, na nguvu zake hutoka katika oili inayosukumwa na pampu. Gari likilala muda mrefu, oili huteremka. Likiwashwa, kwa sekunde zile za mwanzo tenshena haina nguvu, na cheni iliyochakaa hupata nafasi ya kujipiga huku na huku. Oili ikifika, kelele hunyamaza. Ndiyo maana watu wengi huipuuza.

Mara ya kwanza fundi aliikuta oili imepungua na kuwa nzito kama asali ya mwisho wa chupa. Tukaibadilisha pamoja na filta, na kelele ikaondoka miezi mitatu. Iliporudi, tuliagiza tenshena mpya kutoka Kariakoo, ikaja na boti kama sahani ya biriani, imefungwa gazeti. Fundi alinishauri tufungue mbele yote tubadilishe na cheni. Mimi nikaangalia mfuko wangu, nikasema tenshena inatosha. Ilitosha miezi mitano. Mara ya tatu, mwaka 2023, aliisafisha njia ya oili, akaweka oili ya kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, akaniambia waziwazi kwamba anapunguza homa tu, hatibu. Nami baada ya wiki chache nikaona amejidharau bure. Kelele ilikwisha kabisa. Kwa muda wa mwaka mzima, nazidisha kidogo, niliwasha gari asubuhi nikasikia injini tu, laini, mfano wa paka aliyeshiba. Nilimsifu fundi kila barazani.

Siku moja nilipita kwake kwa jambo la betri. Kulikuwa na kijana anayejifunza kazi, hajatimia miaka ishirini, naye ndiye aliyeliwasha gari. Akalizima papo hapo, akanitazama kwa adabu. "Maalim, bado inalia."

Nikamwambia hakuna kitu. Fundi akaja, akaliacha lipoe mpaka jioni, akaliwasha tena, na wote wawili wakatikisa vichwa pamoja. Nilidhani wananitania, au wanatafuta kazi. Nakiri nilidhani hivyo. Ndipo fundi alipochukua bisibisi ndefu, akaiegemeza ncha kwenye mfuniko wa mbele wa injini, na mpini akanibandika nyuma ya sikio, kwenye mfupa. Injini ikawashwa. Wallahi, zile sarafu zilikuwa ndani ya kichwa changu. Hazikuwa zimekwenda popote.

Injini ilipofunguliwa tuliiona cheni imelegea, na tenshena imetoka karibu yote, haina tena pa kuegemea. Kile kibao cha plastiki kinachoiongoza cheni kilikuwa kimechimbika mitaro miwili, na kipande chake kimedondoka katika bakuli la oili. Fundi aliilaza cheni ya zamani mezani, akalaza mpya ubavuni pake. Ile ya zamani ilizidi kwa milimita chache. Nilidhani chuma kimevutika kama mpira; akanisahihisha. Chuma hakivutiki. Kila pingili ina pini na tundu, kila tundu limelika kiasi kisichoonekana kwa jicho, na pingili ni nyingi. Ukizijumlisha ndipo hupata urefu. Niliishika ile cheni muda mrefu. Kwa mwaka mzima nilikuwa naliendesha gari la marehemu, nimetulia tuli, kuelekea kwenye zile ngumi mbili.

Daktari wa masikio alinivalisha vidude vya kusikilizia na kunikabidhi kitufe cha kubonyeza. Kisha akanionyesha karatasi: mstari umekwenda sawa katika sauti nzito, na kuanzia mizunguko 2000 kwa sekunde umeanza kuteremka, mteremko wa kutelezea watoto. Ni umri, akasema, na sauti nyembamba ndizo huanza kuondoka. Nikamwuliza katika maneno ya watu ni zipi hizo. Akanitajia kwa upole: s, f, th, sh, na pumzi.

Hapo ndipo nilipoacha kulifikiria gari. Sikufundishwa ushairi na mtu wala shule. Niliuokota kwa sikio, kwa kukaa nyuma ya wakubwa barazani, na Kiingereza ninachokifasiri nilikiokota hivyo hivyo, redio imelalishwa kwenye mto usiku. Kwetu pumzi hiyo ndiyo inayompambanua paa wa porini na paa la nyumba, kaa wa pwani na kaa la moto. Sina cheti kingine. Nikaanza kukumbuka nilikohukumu kwa sikio hilo, na sikwenda mbali.

Miezi michache nyuma, katika kikao chetu cha kusomeana, binti mmoja alighani shairi la wavuvi wanaokimbia dhoruba. Vina vyake vya mwisho vilikuwa katika -si. Katika ubeti wa nne nilimsikia akisema wanavuta kwa kafi. Maana ilikaa vizuri, walikuwa baharini, na mfasiri ana maradhi yake: asichokisikia hukijaza kwa maana. Nilimkatiza mbele ya watu. Nilimwambia kina kimevunjika, na kwamba anayeshindwa kutafuta neno asipande jukwaani. Watu walicheka kidogo. Akasema, "Nashukuru, Maalim," akaketi, na hakurudi tena kikaoni.

Nilimtafuta. Alikuja nyumbani na mama yake mdogo, amechukua daftari. Ubeti wa nne ulikuwa umeandikwa kwa wino wa buluu, na neno lilikuwa kasi. Lilikuwa kasi tangu awali. Lakini mstari mzima ulikuwa umekatwa, na juu yake umeandikwa mwingine, mstari wa kawaida, usio na kosa wala upepo. Nilimwomba radhi, mama yake mdogo akisikia, kama wengine walivyosikia siku ile. Akaniambia alijua amesema kasi, ila alifikiri pengine ulimi wake ndio mbovu, kwa kuwa mimi sikosei. Miezi yote hiyo alikuwa akijizoeza kutamka s. Nikamsihi aurudishe mstari wa kwanza. Akautazama ule uliokatwa kama mtu anayetazama nguo aliyokuwa akiivaa udogoni.

"Nimeshauzoea huu, Maalim," akasema.

Kikaoni sasa huketi mbele, na naomba karatasi kabla ya kughaniwa. Wenzangu wameelezwa sababu. Wapo wanaoona ni aibu kuliandika jambo hili. Mimi naona aibu ilikuwa pale nilipokuwa sijui.

Cheni mpya, vibao vyake na tenshena vimefungwa, pingili za rangi zikalinganishwa na alama za magurudumu yake kama fundi alivyonionyesha, naye akaniambia nisingoje tena oili iwe nzito. Kusikiliza siwezi kukubeba peke yangu. Asubuhi namwita mjukuu wangu wa miaka tisa, husimama karibu na boneti, nami nikawasha. Akiinua kidole, inalia. Akikunja ngumi, kimya. Leo alikunja ngumi. Nikamwuliza tena, akacheka, akaenda kunifungulia geti.